Jiwe Alilokuja Nalo Mama

Kwetu Uriri, kule Migori, mwanamke akiolewa jina lake hubaki kwao. Kuanzia hapo anaitwa kwa mahali alikotoka: nyar Rusinga, nyar Kendu, nyar Nyatike, yaani binti wa huko. Ukimsikia mtu akiitwa hivyo sokoni unajua papo hapo kwamba ana boma nyuma yake, ana kaka zake, na mume akimwonea kuna watu watakaokuja kuketi na kuuliza kulikoni. Mama yangu aliitwa nyar Pong'. Usiitafute Pong' kwenye ramani. Pong' ni jiwe la kusagia nafaka.

Hadithi ya jina hilo niliipata kwa shangazi, dada ya baba, aliyeolewa hapo hapo Uriri, ng'ambo ya kijito kinachopita chini ya boma letu. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara kwa maneno yale yale. Mama alishuka kwenye basi siku ya soko, mchana kweupe, jiwe kichwani juu ya ngata ya matambara, akapanda nalo barabara mpaka kwa nyanya yangu, mama yake baba. Watu waliacha kuuza nyanya zao wakamtazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama huko atokako waliambiwa Uriri hakuna mawe. Soko zima likacheka, na kufikia jioni jina likawa limeshika.

Mama mwenyewe hakuongeza neno. Ukimuuliza kwao ni wapi alinyoosha kidevu upande wa Homa Bay, ziwani huko, kisha akakutafutia kazi. Niliwahi kumbana nikiwa bado shule ya msingi, mwezi wa nane, tulipofunga shule na watoto wote wa maboma ya jirani wakaondoka kwenda kwa wajomba. Kwa Wajaluo mjomba, ndugu wa mama, ni mtu wa pekee. Baba anaweza kukuchapa, na baba mdogo pia, lakini mjomba kazi yake ni kukuharibu kwa kukudekeza. Wenzangu walirudi mashavu yamejaa, na midomo imejaa vilevile: nera alinichinjia kuku, nera alinifunza kuogelea. Nera ndilo neno letu la mjomba wangu. Nikamwendea mama jikoni nikamuuliza, "Nera yuko wapi?" Akanisogezea kikapu cha wimbi mbele ya jiwe akasema, "Saga." Nilisaga huku nikilia, na kesho yake tulikunywa uji wa unga ule.

Baba naye hakunisaidia. Alikuwa mtu wa kanisa, Msabato wa kweli kweli, mpole, na maneno yake yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko. Alisema alimpata mama Homa Bay na hilo lilimtosha. Alifariki nikiwa sekondari, na kama alijua zaidi alikwenda nayo. Mimi nilizaliwa peke yangu. Sijaolewa, na tafadhali usinionee huruma; walikuja, nikawatazama, nikawarudisha. Ila kwa kutoolewa kwangu hakuna mahali popote duniani ninapoitwa nyar Uriri, na kuna siku jambo hilo huniuma kuliko ninavyopenda kukubali.

Nilisomea mawe. Watu huuliza kama mama ndiye aliyenitia hamu hiyo, na mimi hujibu kwamba alama zangu hazikutosha udaktari. Sasa hivi nafundisha katika chuo kimoja mjini Homa Bay, na kazi yangu ya utafiti ni mawe ya mchanga ya zamani sana, yale yaliyoanza kama mchanga na kokoto kwenye mito, yakazikwa, yakakandamizwa hadi yakawa mwamba. Yako Migori, yako Homa Bay, mengine yanafika karibu na mpaka kule Isebania. Ukiyaweka mezani, la Uriri na la vilima vya nyuma ya mji wa Homa Bay, hutayatofautisha. Mimi mwenyewe siwezi, hata nikitumia hadubini. Kijivu kile kile, wekundu ule ule pembeni, chembe nyeupe ngumu zile zile.

Tofauti iko ndani. Kila jiwe la namna hiyo lina chembe chache za madini yanayoitwa zirkoni, ndogo kuliko chenga za unga. Zirkoni huzaliwa ndani ya mwamba ulioyeyuka, na inapoganda hujifungia urani kidogo tumboni. Urani ile hugeuka kuwa madini ya risasi, polepole mno, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima imebaki urani kiasi gani na imekuwa risasi kiasi gani, umepata umri wa chembe. Mlima ulioizaa unaweza kuwa uliisha kwa mvua zamani za kale, mto ulioibeba ukakauka, lakini chembe bado ina umri wa kule ilikozaliwa. Kwa hiyo ukichukua jiwe moja ukapima chembe zake nyingi, unaweza kusema mchanga wake ulitoka milima gani. Mawe ya Uriri chembe zake karibu zote ni za rika moja, watoto wa graniti ya hapo jirani. Yale ya Homa Bay yana rika hilo, na juu yake yana rika jingine kongwe zaidi, ambalo sijajua lilitoka wapi. Kulitafuta rika hilo ndiyo kazi inayonilisha.

Ni kazi ya upweke, sitaficha. Unaponda jiwe, unachekecha, unaosha unga wake kwenye karai mpaka vyepesi viende na maji na vizito vibaki. Nikiosha mtoni Migori, akina mama wanaoosha dhahabu husogea.

"Madam, iko?"

"Iko nini?"

"Si dhahabu. Hiyo unaosha."

"Hapana. Natafuta kitu ingine."

"Kitu gani inashinda dhahabu?"

Nikiwaeleza kwamba natafuta umri wa mchanga hucheka mpaka wanashika mbavu, kisha wananihurumia, wananigawia muhogo wa kuchemsha. Jioni narudi Homa Bay kwenye nyumba yangu ya kupanga, ghorofani, dirisha linatazama magugu maji, napika ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja haukubali kuiva vizuri. Nimejaribu sufuria za kila namna.

Mama alifariki mwaka juzi. Aliugua kifua muda mfupi, na katika siku zile nilimuuliza mara ya mwisho, kwa upole, kuna mtu gani wa kwao nimwite. Akaniambia nimfunike miguu. Nilimfunika.

Siku ya mazishi hema zilisimamishwa uani na viti vya plastiki vikapangwa. Kwetu mwanamke aliyeolewa hazikwi tu na watu wa mumewe. Watu wa kwao hufika, hupewa nafasi yao mbele, huzungumza, hula chakula chao. Binamu zangu, ambao ni watu wa adabu, waliacha mstari mmoja wa viti na kuufunga utepe. Nilipoona utepe ule nilitaka kuwaambia waufungue, lakini nikauacha, kwa sababu ndani yangu kulikuwa na mjinga mdogo aliyekuwa bado anatazama lango. Ilipofika zamu yao, mzee aliyeshika kipaza sauti akasema, "Sasa tunaomba watu wa kwao marehemu wasimame tuwaone." Watu wote wakageuka. Kuku alipita mbele ya viti. Mtu mmoja akakohoa. Mzee akasubiri, kisha akasema kwa huruma, "Basi, pengine wako njiani," akaita kwaya. Nilikasirika kiasi cha kutaka kumnyang'anya kile kipaza sauti, na sijui ningesema nini ndani yake. Nilikuwa nimekaa mbele peke yangu kwenye mstari wa watoto, na mstari wa pili wote ulikuwa utepe.

Baada ya matanga binamu walitaka kubomoa jiko la mama maana lilikuwa limeinama. Wakaniuliza nachukua nini. Nilichukua blanketi na jiwe. Walilipakia kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa akirudi Homa Bay na magunia yake matupu ya omena, na kwa wiki nzima nyumba yangu ilinuka samaki. Nililiweka chini ya meza. Lilikuwa limelika katikati kwa miaka ya kusaga, shimo laini la urefu wa mkono mmoja, na upande wa kulia limelika zaidi kwa sababu mama aliegemea huko.

Sikulichukua kwa ajili ya maabara. Wazo lile lilinijia baadaye, siku niliyopokea majibu ya mawe ya vilima vya Homa Bay na kuliona lile rika kongwe limejipanga wazi kabisa. Nilikuwa nakula chapati mezani, mguu wangu umekanyaga jiwe. Niliiweka chapati chini. Mama alitoka na jiwe kwao. Kama kwao ni upande wa Homa Bay, rika kongwe lazima liwemo. Na nilishapita vilima vile karibu vyote nikikusanya mawe. Nilijua kila bonde lina mchanganyiko wake kidogo. Ningeweza kusogea karibu sana na mlango wa mjomba. Kutoka hapo ningeuliza nyumba kwa nyumba: ni nani binti yake aliondoka na jiwe la kusagia asirudi tena. Habari ya aina hiyo haisahauliki kijijini.

Tatizo lilikuwa moja. Chembe hazitoki ila jiwe lipondwe. Kipande cha ukubwa wa ukucha hakitoshi. Zirkoni ni chache, inabidi upate kipande cha kujaza viganja viwili.

Nilimpigia shangazi. Sisi huongea Kijaluo, mimi humwita waya, ndilo neno letu la shangazi, na yeye husikia kwa sikio moja, kwa hiyo lazima upige kelele, na majirani zangu wa Homa Bay walisikia shauri lote.

"Waya, nataka kukata jiwe la mama."

"Kufanya nini?"

"Kukata. Nipate kujua kwao."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini kwa nguvu.

"Mtoto aliyezaliwa na akili zake anavunja pong' ya mamake?" akasema. "Wewe unataka kusaga nini tena, mifupa?"

"Jiwe linaweza kusema lilitoka wapi, waya. Ndiyo kazi yangu."

"Jiwe halisemi! Yawa! Jiwe husaga! Liache hapo chini ya meza ulikoliweka, litakusaidia nini kujua? Mamako alikuwa wa hapa. Amezikwa hapa."

"Mbona watu wa kwao hawakuja?"

Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akakata simu. Shangazi hakuwahi kunikatia simu maishani. Niliudhika naye. Niliona kwamba ni rahisi kwake kusema hivyo. Yeye ana watoto, wajukuu, ana kaburi la mume ambako nafasi yake inamngoja. Mimi nilitaka nyumba moja tu ambapo nikipiga hodi mtu aseme, huyu ni mtoto wa dada yetu. Nilikuwa nimepita umri wa kudekezwa. Nilitaka hata kukaribishwa maji.

Nikapiga moyo konde. Kabla ya kulipeleka maabara nililisugua kwa brashi ngumu na maji safi, maana chembe moja ya mchanga wa kigeni ingetosha kuharibu hesabu. Kutoka kwenye vishimo vidogo vya jiwe ukaanza kutoka unga, wa kijivu, mzee, nao ulipolowa ukatoa harufu ya wimbi. Niliacha kusugua. Nilikaa kwenye sakafu ya bafu nikiwa na brashi mkononi, nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya mazishini. Kisha nikaendelea kusugua mpaka maji yakatoka meupe.

Nilikata mwenyewe kwa msumeno wa maabara. Nilipanga kuondoa pembe moja ya chini ambako mkono wa mama haukufika. Msumeno ulipoingia nusu, jiwe likapasuka lote kutoka mwisho hadi mwisho, likapita katikati ya shimo la kusagia. Wembamba wake pale katikati nilikuwa naujua. Kila asubuhi niliupapasa kwa kidole cha mguu. Vipande viwili vililala mezani na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilichukua kimoja nikakiponda.

Kuchagua zirkoni ni kazi ya sindano na hadubini. Unakaa umeinama, unasukuma chembe moja moja, unazibandika kwenye gundi, unazing'arisha. Hizi sikumwachia mwanafunzi yeyote. Zilikuwa nzuri, za waridi hafifu, nyingine pembe zimeviringika kwa safari ya mtoni. Mashine ya kuzipima kwa leza haiko huku kwetu, inabidi zisafirishwe, na majibu huja yatakapo.

Katika kusubiri nikafanya upuuzi. Nilianza kwenda vilimani Jumapili bila nyundo. Nilivaa gauni. Nilitembea nikitazama nyuso za watu, hasa wanaume wa umri wa kuwa kaka zake mama, nikatafuta paji lake pana, na mwanya wa meno ya juu, na ile namna yake ya kusimama akiwa amebeba mzigo wote wa mwili kwenye mguu mmoja. Ukitafuta utaona. Niliwaona akina mama yangu wanne katika njia moja. Kwenye boma moja mwanamke alinikaribisha nikakaa kivulini, akaniletea nyoyo, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, akaniuliza mimi ni nyar wapi. Badala ya kusema Uriri nilisema, "Pengine ni mtoto wa hapa hapa." Alicheka, akaniongezea sahani. Niliporudi mjini jioni ile nilikuwa na furaha ya kitoto, na niliimba nikipanda ngazi. Nayasema haya ili ieleweke nilifika wapi.

Majibu yalikuja kwa barua pepe mchana wa kazi, wanafunzi wakiwa wanafanya mtihani. Niliyafungua pale pale mbele ya darasa. Kuyasoma hakuhitaji muda. Nimeyasoma ya namna hiyo kwa miaka. Rika kongwe halikuwemo. Hata chembe moja. Zote zilisimama pamoja, rika la graniti ya jirani, na nilipoziweka juu ya zile za jiwe nililolichukua zamani kwenye kijito cha chini ya boma letu, mistari miwili ya grafu ikalaliana.

Nilisimamia mtihani hadi mwisho. Nikapima tena hesabu, nikatafuta kosa. Niliwaza labda chembe zilichanganyikana na za sampuli nyingine, nikakagua, hazikuchanganyikana. Niliwaza labda kuna bonde la Homa Bay lenye mawe ya namna ya Uriri; labda, lakini mimi ndiye niliyepita mabonde hayo, na sikuliona. Mtu akiniletea majibu yale kwa jiwe la mtu mwingine ningemwambia bila kusita: jiwe hili ni la Uriri, na ukinibana nitakuonyesha kijito.

Basi Jumapili iliyofuata nikaenda kwa shangazi.

Amezeeka sana sasa. Miguu imevimba, anakaa siku nzima kwenye kiti cha mbao ndani, karibu na mlango, na bakora yake huteleza chini ya kiti na wajukuu huchoka kuitoa. Nilimsalimu, nikampa mkate na majani ya chai. Sikuzunguka.

"Waya, jiwe ni la hapa. Ni la kijito."

Alishika mkate ule kwa mikono yote miwili.

"Jiwe limesema?"

"Limesema."

"Yawa," akasema polepole. "Nani angejua? Jiwe ni jiwe. Watu wote wa hapa walilitazama na hakuna aliyejua. Ni wewe tu na mitambo yako."

Nikamwambia anieleze. Alitaka nile kwanza, nikakataa, na akaona kwamba safari hii sitapewa kazi. Akanieleza.

Baba hakumleta mama nyumbani. Alimwogopa nyanya, kwa hiyo alimleta kwanza hapa, kwa dada yake, jioni, wakati ng'ombe wanaingia. Mama alikuwa na gauni alilovaa na hakuwa na kingine chochote, hata kitambaa cha kichwa. Shangazi naye alikuwa bibi harusi wa juzi, hajamaliza mwaka. Alimpa chakula, akampa nguo yake, akamuuliza kwao. Mama akasema kule hakuna wa kumrudia, na akaomba asiulizwe tena.

"Sikumuuliza," shangazi akasema. "Mpaka amekufa sikumuuliza. Wewe ulidhani namficha. Sijui, nyathina, mtoto wangu. Sijui chochote."

Alimficha ndani siku kadhaa. Lakini mke hawezi kutokea tu bomani kama paka. Nyanya angeuliza ameletwa na nani, amekuja na nini. Mkono mtupu haulambwi. Shangazi akasema atampa kikapu chake mwenyewe. Mama akakataa, kwa sababu kikapu cha watu kinajulikana. Asubuhi akashuka kijitoni peke yake. Alikaa huko mpaka jua likawa kali, akiligonga jiwe hili, akilinusa lile, akiyageuza, hata shangazi akadhani amejitupa majini akaenda kumtafuta. Akamkuta ameketi juu ya jiwe alilochagua. Wakalisugua pamoja. Siku ya soko mama akalibeba, akapita njia ya nyuma ya mashamba ambako hakuna watu, akazunguka mbali mpaka stendi ya basi, akasubiri basi la Homa Bay lifike, na abiria waliposhuka akajichanganya nao, akapanda barabara.

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikauliza.

"Mimi? Nilitembea nyuma yake. Bibi harusi hasindikizwi na upepo. Lazima watu wa kwao wawe nyuma wakipiga vigelegele. Sasa watu wa kwao ni nani? Nilimfuata nikipiga kelele peke yangu barabara nzima, na wale walionijua walidhani nimekwenda kumpokea stendi. Waliocheka walicheka. Mamako hakugeuka hata mara moja. Mimi ndiye niliyeona shingo yake inatetemeka."

Miaka yote ile nilikuwa nikitafuta watu wa kwao mama, na nilikuwa nimewapigia simu na kuwaudhi. Nilimwambia shangazi kwamba nimelipasua jiwe. Nilimwambia lilivyopasuka, na kwamba nusu ilikwisha, imepondwa, imeoshwa na kwenda na maji. Nilitegemea anigombeze.

"Lilikuwa limechoka," akasema. Kisha akanitazama kwa lile jicho lake ambalo bado linaona. "Wewe bado unakaa nyumba ya watu kule Homa Bay?"

"Bado."

"Ukipata yako, popote, uniambie mapema. Nitatembea nyuma yako."

Nilimwambia nitamwambia. Alitaka kutoka nje kuota jua kabla halijaondoka upande ule wa nyumba. Bakora ilikuwa imeteleza chini ya kiti na hakutaka niitoe, akasema bega langu linatosha. Mlango ule ni mwembamba, hauwapitishi watu wawili sambamba, kwa hiyo mimi nikatangulia, yeye akaja nyuma amenishika bega kwa mkono mzito, hatua moja, tunapumzika, hatua nyingine. Nilikuwa nalia na sikugeuka. Hakupiga vigelegele, pumzi hazikumtosha.